Onyo Lishuke Mlimani Kabla ya Tope

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, Tanzania, hadi Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Mteremko wa aina hiyo unaweza kufuatiliwa kwa vihisi vinavyofukiwa ardhini kupima maji na mtikisiko wa udongo, kisha kutuma taarifa kwa redio. Nchini India, Chuo Kikuu cha Amrita kilifunga mtandao kama huo Munnar, jimboni Kerala.

Kupima ni rahisi. Kazi ipo kwenye betri. Redio hula chaji kuliko kipimo chenyewe. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya kurushia huhitajika angalau mara nne, na penye miti na makorongo huzidi hapo. Kwa hiyo ujumbe hupokezanwa kihisi kwa kihisi, kama ndoo za maji penye moto.

Ili kutunza chaji, redio hulala. Tuseme kila moja huamka mara moja kwa dakika, na ujumbe unasubiri kuamka kwa vihisi kumi. Kila kimoja kitauchelewesha wastani wa nusu dakika. Jumla dakika tano. Kwa taarifa ya kawaida ya unyevu, si neno. Tope likishaanza kushuka, ni msiba.

Njia fupi nayo ina hila yake. Vihisi vilivyo karibu na kituo kinachopokea taarifa hubeba mizigo ya wenzao wote, huishiwa mapema, na vya juu hubaki na chaji lakini havina pa kupitishia.

Mwaka 2003, Tian He, John Stankovic na wenzao walichapisha utaratibu uitwao SPEED: kihisi humchagua jirani anayeweza kuusogeza ujumbe kwa kasi isiyopungua iliyopangwa. Taratibu nyingine huongeza swali: jirani huyo amebakiwa na chaji kiasi gani?

Kwa Hanang, na kwa miinuko ya Mbulu, swali hilo ni zito. Mvua inapoleta hatari, mawingu huzinyima jua paneli zinazochaji betri. Busara ni kubana matumizi wakati wa kiangazi, na unyevu ukivuka kiwango, vihisi viamke mara nyingi zaidi na onyo lipewe njia ya haraka hata ikila chaji.

Anayeuza mitambo hii atasifia miaka ambayo betri inadumu. Halmashauri imuulize pia: usiku wa mvua, onyo litachukua sekunde ngapi kufika Katesh?