Mume Wangu, Altezza Yake na Rimu "Orijino"

Dada, usifunue ukurasa. Najua ukiona neno Altezza unasema hii ni ya akina kaka. Subiri kwanza. Hii ni habari ya ndoa yangu, na ya pesa ya kiwanja.

Mimi na mume wangu tuna miaka minne ya ndoa. Yeye anafanya kazi kampuni ya mizigo, mimi niko ofisi moja pale Posta. Tumepanga Tabata, tunalipia kiwanja Chanika kwa awamu, na tuna gari moja: Toyota Altezza ya mwaka 2001, rangi ya fedha. Kwenye makaratasi ni gari la familia. Kwa kweli ni mke mwenza. Jumapili asubuhi linaogeshwa kabla mimi sijanywa chai.

Basi mwezi huo akaniambia amepata rimu. "Orijino, mke wangu! JDM kabisa, TE37, zimetoka kwenye gari la drifti Japani." Nikauliza bei. "Laki sita na tairi zake. Hela ya bonasi, usijali." Nikanyamaza. Jumamosi tukaenda Buguruni kuzifunga.

JDM ni kitu gani hasa?

Njiani nilitaka kujua ninachokigharamia. Herufi hizo tatu ni kifupi cha Kiingereza chenye maana ya soko la ndani la Japani: gari au kifaa kilichotengenezwa ili kiuzwe kwa Wajapani wenyewe. Hapo ndipo nilipocheka. Kwa maana hiyo, nusu ya foleni ya Barabara ya Uhuru ni JDM! Mark II GX100 ya yule mwalimu, Noah ya kanisa, Vitz ya bosi wangu, zote zilitembea Japani kabla ya kupanda meli.

Wajapani wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake si ndogo. Wengi wanaona bora wauze kuliko kukarabati. Nasi tunaendesha upande uleule wa kushoto kama wao, kwa hiyo usukani hauna haja ya kuhamishwa. Ndiyo maana Dar imejaa magari yao.

Marekani mambo ni tofauti. Gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao haliingii kirahisi mpaka lifikishe miaka 25. Gari kama letu, la 2001, hesabu yake inafika 2026. Kijana wa kule anasubiri robo karne kwa kitu ambacho sisi tunabebea mkaa na magunia ya mchele.

Halafu kuna kichekesho cha nembo. Altezza iliingia sokoni Japani mwaka 1998, na nje ikauzwa kwa jina la Lexus IS. Harrier ya 1997 nayo nje ikaitwa Lexus RX. Mmarekani mwenye Lexus anabandua nembo na kubandika ya Toyota Altezza ili aonekane Mjapani. Sisi tulio na Altezza na Harrier zenyewe tunabandua ya Toyota na kubandika ya Lexus ili tuonekane wa Marekani! Kila mtu anatamani jina la gari la mwenzake.

Geuza mgongo

Fundi wetu wa tairi ni mzee wa makamo, anafanya kazi chini ya mwarobaini, si mbali na Buguruni Malapa. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akachukua rimu ya kwanza. Hakuitazama usoni. Aliigeuza mgongo.

Akatafuta jina la kiwanda. Hakuna. Akapitisha ukucha kwenye stika ya mbele, ikabanduka kama lebo ya chupa ya soda. Akaipima mkononi, kisha akashika rimu ya kiwandani tuliyokuja nayo kwenye gari. Ile "ya drifti" ilikuwa nzito zaidi.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "TE37 watu wanaitafutia wepesi. Ile imekandamizwa kwa mashine, hii imemiminwa kwenye kalibu. Hii ni Mchina. Sisemi Mchina ni mbaya, rimu nzuri za Kichina zipo. Ubaya wa hii ni kwamba imevaa jina la mtu."

TE37 inatengenezwa na kampuni ya Rays ya Japani tangu mwaka 1996. Gurudumu likiwa jepesi, suspensheni inalifuatisha barabara vizuri na breki hazihangaiki. Rimu isiyojulikana ilikotoka inaweza kupasuka kwenye shimo, na barabara zetu unazijua.

"Amekupiga bei gani?" mzee akauliza. Mume wangu akajifanya anatafuta simu. Kijana wa kazi, bila hila, akajibu: "Si milioni moja na laki mbili, bro? Ndivyo ulivyotuambia juzi." Kisha akanigeukia: "Shem, vipi, mbona hivyo?"

Milioni moja na laki mbili. Laki sita ya bonasi, na laki sita nyingine ilikuwa awamu yetu ya Chanika ya mwezi ule.

Feki ni feki

Sikupiga kelele pale. Tulikaa kwa muuza chipsi, sahani katikati, hakuna aliyekula. Nikamwambia rimu hazijaniuma kama zile laki sita alizonificha. Rimu alidanganywa. Mimi alinidanganya yeye.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na hiyo pochi yako ya Louis Vuitton?"

Wasomaji, pochi yangu nilinunua Kariakoo kwa elfu thelathini na tano. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ofisini kuna dada alinisifia na mimi nikasema ahsante, basi. Sikumwambia ni ya Kongo wala ya Msimbazi. Lakini pochi haina breki, nikamwambia, na bei yake ulikuwa unaijua. Akakubali. Ndipo akaomba radhi, bila "lakini".

Tuliporudi, mzee alimwambia jambo ambalo nadhani lilimwingia kuliko maneno yangu. Kwamba Wajapani hawabadilishi gari ovyo, kila mtindo una sababu. Watu wa drifti, akina Keiichi Tsuchiya, walitokea barabara za milimani. Wanataka gari jepesi na suspensheni ngumu. Watu wa mtindo wa VIP wanachukua gari la heshima, Crown au Celsior, wanalishusha chini na kulivalisha rimu pana ili lipite taratibu kama la bosi. Filamu ya Fast and Furious ya 2001 na ile ya Tokyo Drift ya 2006 zilituletea taa za rangi na spoila, sababu zikabaki hukohuko. "Gari lako ni Mjapani tayari," akasema. "Libadilishie bushi kwanza, linagonga."

Kabla hujafungua pochi

• Rimu itazame nyuma: jina la kiwanda, vipimo, na alama ya JWL, yaani kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi. Alama peke yake haitoshi, nayo inaigwa.

• Nembo ya nyuma isikudanganye. Soma namba ya chesisi: GXE10 ni Altezza AS200 ya silinda 6, SXE10 ni RS200 ya silinda 4.

• Jiulize badiliko hilo linafanya nini. Kama jibu ni "kupendeza" tu, sawa, ila lipia bei ya kupendeza.

• Vifaa vya kiwandani usivitupe. Ipo siku utavihitaji.

• Bei halisi mwambie mwenzako kabla ya fundi.

Aliyetuuzia hakurudisha hela. Tulimuuzia rimu jamaa mwingine kwa laki saba, tukamwambia waziwazi ni za kuiga. Mwenye kiwanja alitupa wiki mbili. Mume wangu alibeba chakula cha nyumbani kazini miezi miwili mfululizo, na bushi zikabadilishwa.

Siku ile tulirudi Tabata na rimu zetu za kiwandani. Alipowasha gari, kile kifaa cha kulipia barabara za Japani kikasema kama kawaida, sauti ya yule mama wa Kijapani, kwamba kadi haijaingizwa. Mwaka wa ngapi huu anakumbusha, na hakuna wa kumjibu. Mume wangu alitaka kuking'oa muda mrefu. Nikamwambia kiache. Hicho ndicho kitu orijino kuliko vyote humu ndani, na hatukukilipia hata senti tano.