Hesabu zibaki ofisini, mlinzi wa mlango awe kwenye intaneti

MKULIMA wa Mzumbe, wilayani Mvomero, anapotuma fedha kwa M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, namba yake ya siri huhakikiwa na kompyuta za kampuni zilizo mbali.

Utaratibu kama huo unaweza kutumika katika programu ya hesabu ya Saccos, ghala au duka la pembejeo. Hesabu hubaki katika kompyuta ya ofisi, lakini kazi ya kumtambua anayeingia hufanywa na huduma ya intaneti, ambayo wataalamu huiita wingu.

Faida yake ni nini? Watumishi wote wakitumia neno moja la siri, fedha zikipungua hajulikani aliyegusa hesabu. Anayeacha kazi huondoka na ufunguo. Kila mmoja akiwa na akaunti yake, meneja humfungia huyo mmoja tu.

Hata hivyo, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchini. Siku kama hiyo, programu isiyo na njia ya dharura humfungia nje hata mhasibu aliyekaa mbele ya kompyuta yenye hesabu, huku wakulima wakisubiri malipo.

Ni vyema basi chama kidai njia hiyo ya dharura, tena inayoandika jina la kila aliyeitumia. Kabla ya kumlipa fundi, waya wa intaneti uchomolewe mbele yake, mhasibu ajaribu kuingia.