Nakala ya Amana

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Vijitabu vile vilifika kila kona ya nchi, na leo kukipata kimoja ni bahati. Kitu kilichojaa kila nyumba hakuna anayekitunza: hufungiwa karanga, huwashiwa moto, huliwa na mchwa.

Hapo ndipo maktaba ya taifa inapohitajika. Yetu, Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Sheria inamtaka mchapishaji awasilishe nakala za kila anachochapisha. Ni utaratibu wa zamani; Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa aliuamuru mwaka 1537. Ninachoupendea ni kwamba haubagui. Mkutubi haulizwi kama kitabu ni kizuri. Kitabu cha mapishi, historia ya usharika, diwani ambayo mwalimu wa msingi amejichapishia kwa mshahara wake: vyote hupokelewa, hugongwa muhuri, hupewa namba. Diwani itakwenda 896.392, rafu ya fasihi ya Kiswahili, bega kwa bega na magwiji.

Nakala hiyo ni amana, haiazimwi. Wasomaji wengine hukasirika, na ninawaelewa. Lakini anayeihitaji ataisoma palepale mezani, na mjukuu wake ataikuta. Ya kuazima ni nakala nyingine, katika maktaba za mikoa.

Kuitunza si kuifungia kabati tu. Nimewahi kushika kijitabu cha kisomo cha watu wazima: pini zimeota kutu, karatasi imekuwa rangi ya chai, kona inakatika ukiigusa. Karatasi ya bei nafuu ina asidi inayoila kutoka ndani, na joto na unyevu wa Pwani huiharakisha.

Kinachoniuma zaidi ni vitabu visivyofika kabisa. Mwandishi anayejichapishia huja kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba kuchukua namba ya kimataifa ya kitabu, kwa mfano ile ya 978-9976 au 978-9987, huichapa nyuma ya jalada, huuza nakala zake zote, harudi. Miaka thelathini baadaye mtafiti anafungua orodha, anakuta jina la kitabu na namba yake. Anakwenda kwenye rafu, kitabu hakipo.