Kamyo haiwaki: soma namba ya moteri na ufuate waya mbele ya kununua batri

Kwenye barabara za Kivu, Ituri na Tanganyika, makamyo ya zamani ndiyo bado yanabeba mihogo, mbao, samaki na watu. Kamyo ikikataa kuwaka, lawama ya kwanza inaangukia batri. Mwenye gari anatafuta dola za batri mpya, anaifunga, na kisha ya siku chache shida ni ile ile. Fundi mzuri anaanza na mambo mawili yasiyolipiwa: kujua moteri iliyo ndani ni ipi, na kufuata waya moja moja.

Karte roze haisemi yote

Makamyo mengi yanafika huku yakiwa yametumika, na mengine yamebadilishwa moteri njiani. Jina lililoandikwa mlangoni ao kwenye karte roze halitoshi. Kuna namba mbili: ya shasi, iliyogongwa kwenye chuma kirefu kinachobeba gari, na ya moteri, iliyogongwa kwenye bloki yenyewe. Ukitafuta vipuri vya moteri, hii ya pili ndiyo inayohesabu.

Mara nyingi imefunikwa na mafuta na vumbi. Moteri ikiwa baridi, pangusa kwa kitambaa chenye mazutu kidogo, kausha, kisha paka chaki nyeupe juu yake. Herufi zitatokea. Zipige picha kwa telefone.

Chukua mfano wa Mitsubishi Fuso. Moteri 6D14 na 6D16 zote zina silinda 6, zote ni za mazutu, na kwa macho zinafanana. Lakini pistoni ya 6D14 ina upana wa milimita 110, ya 6D16 ina 118. Anayeenda dukani na kusema tu "pistoni ya Fuso" anaweza kurudi na kitu kisichoingia. Kama duka liko Butembo na gari imelala porini, hiyo ni safari nzima imepotea.

Batri mbili, volti 24

Makamyo mengi makubwa yanatumia volti 24, kutoka batri mbili za volti 12. Usikisie: angalia maandishi kwenye demareri, kwenye alternateri na kwenye balbu.

Ili kupata 24, + ya batri ya kwanza inaungwa na − ya batri ya pili. + iliyobaki inaenda kwenye demareri, − iliyobaki inaenda kwenye shasi: hiyo ndiyo masi. Ukiunga + na +, kisha − na −, unabaki na volti 12 tu, na demareri ya 24 itazunguka kwa uchovu ao kugonga bila kuzunguka.

Kosa moja linaua batri nyingi: kuunga radio ao chaja ya telefone kwenye batri moja tu ili kupata volti 12. Batri hiyo inaishiwa, mwenzake inabaki imejaa. Alternateri haiwezi kuzitofautisha. Moja inabaki na njaa, ingine inachemka na kukausha maji. Dawa yake ni kifaa kinachoshusha volti 24 kuwa 12.

Pima mbele ya kulaumu

Gari ikiwa imepumzika masaa kadhaa, batri iliyojaa inaonyesha karibu volti 12,6. Ikishuka chini ya 12, iko karibu tupu. Moteri ikiwaka, batri mbili pamoja zinapaswa kuonyesha karibu 28. Kama zinabaki 25 hata ukiongeza mwendo wa moteri, angalia kwanza mkanda, alternateri na waya zake.

Kama batri ni nzima na demareri bado ni dhaifu, weka ncha moja ya kipimo kwenye + ya batri na ingine kwenye bulo ya demareri, kisha mwenzako awashe. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya ao viungo. Rudia vile vile kati ya − ya batri na mwili wa moteri. Mara nyingi kosa ni masi: bulo yenye kutu, rangi chini yake, ao waya nyembamba mno.

Usalama

Ukifungua, toa masi kwanza. Ukirudisha, iwe ya mwisho. Sigara na kandili zikae mbali, sababu batri inayochajiwa inatoa gesi inayolipuka. Asidi ikigusa ngozi ao macho, osha kwa maji mengi. Unga mweupe kwenye vichwa unatoka kwa maji ya moto na brashi. Kausha, kaza, paka grisi. Fizibli ikiungua, usiweke msumari mahali pake: waya itaungua yenyewe, na moto utapanda kwenye kabine.

Mwishoni, andika kwenye daftari la gari namba ya moteri, volti zake na tarehe ya batri. Shofere akipiga simu toka njiani, fundi atajua alete nini.