Mfano Mdogo wa Ndege Nyekundu Iliyovunja Rekodi

Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba, mwaka 1934, eropleni ishirini zilikusanyika katika uwanja wa Mildenhall, nchini Uingereza, tayari kushindana mbio za kwenda Melbourne, Australia. Njia hiyo ina urefu wa maili 11,300 hivi, na katika siku zile meli ilichukua majuma kadhaa kuimaliza. Ndege moja nyekundu, jina lake Grosvenor House, ilifika Melbourne kwa muda usiotimia saa 71, ikavunja rekodi zote zilizotangulia. Ndege iliyofuata ilitumia zaidi ya saa 90.

Marubani wake walikuwa wawili, C. W. A. Scott na Tom Campbell Black. Huyu wa pili alijulikana sana Kenya, kwa sababu mwaka 1929 alishirikiana na Bibi Florence Kerr Wilson kuanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi. Kiwanja cha ndege cha Wilson chaitwa kwa jina la bibi huyo hata leo. Basi rubani aliyeruka juu ya mbuga zetu ndiye aliyeketi katika ndege hiyo.

Makala hii yaeleza jinsi mtu awezavyo kuchonga mfano wa ndege hiyo kwa mbao na kuupaka rangi. Huenda msomaji akauliza, "Ya nini kujisumbua na kitu kisichoweza kuruka?" Jibu ni kwamba mtu aangaliaye picha huona umbo tu, lakini mtu achongaye hulazimika kuuliza sababu ya kila umbo. Faida hiyo haipatikani ila kwa sharti moja, nalo ni kwamba vipimo viwe vya kweli. Mfano usio na kipimo ni mwanasesere tu.

Kipimo kinachofaa kwa anayeanza ni robo ya inchi kwa kila futi moja ya ndege yenyewe, yaani sehemu moja katika 48. Mabawa ya Grosvenor House, kutoka ncha hata ncha, yalikuwa futi 44. Kwa hiyo mabawa ya mfano yatakuwa inchi 11. Urefu wake kutoka pua hata mkia ulikuwa futi 29, basi mfano utakuwa inchi saba na robo. Chora ndege nzima kwa vipimo hivyo katika karatasi, ikitazamwa kutoka juu, kutoka ubavuni na kutoka mbele. Kisha kata vigezo vya karatasi ngumu kwa kufuata michoro hiyo. Usiguse kisu kabla vigezo havijakamilika.

Chagua mbao laini iliyokauka vema, isiyo na vifundo. Usione haya kwamba kazi yako ni ya mbao, kwani ndege yenyewe ilikuwa ya mbao vilevile. Chora kiwiliwili juu ya mbao kwa kufuata kigezo, ukate kwa msumeno mdogo, kisha uchonge kwa kisu na patasi, na kumalizia kwa msasa. Hapa utaona jambo la ajabu: pua ni ndefu mno, na chumba cha marubani kimerudi nyuma sana. Sababu yake ni petroli. Matangi makubwa yaliwekwa mbele ya marubani, maana ndege ilipaswa kuruka mwendo mrefu bila kutua. Marubani waliketi mmoja nyuma ya mwenzake ili kiwiliwili kiwe chembamba na upepo usipate pa kushika.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni mabawa. Mimi mwenyewe, katika jaribio langu la kwanza, niliogopa yasivunjike, nikayaacha manene. Kazi ilipokwisha niliiweka kando ya picha, nikaona nimechonga bata aliyenona mahali pa mbayuwayu. Nikarudia, nikayachonga membamba, lakini nilikuwa nimekata mbao kinyume cha nyuzi zake, na bawa moja likakatika mkononi mwangu. Mara ya tatu nilikata mbao ili nyuzi ziende kwa urefu wa bawa, na kazi ikasimama.

Kwa hasara hiyo nilielewa taabu aliyokuwa nayo Arthur Hagg, mhandisi wa kampuni ya de Havilland aliyeibuni ndege hiyo. Bawa nene lapunguza mwendo, na bawa jembamba laweza kuvunjika. Yeye alifunika mabawa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopangwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, hata ngozi yenyewe ya bawa ikabeba mzigo mkubwa wa kazi. Hivyo bawa likawa jembamba na lenye nguvu pamoja.

Injini zilikuwa mbili, kila moja yenye nguvu za farasi 230, nazo zilifungwa mbele ya mabawa ndani ya maganda membamba. Uchonge maganda hayo peke yake, uyagandishe kwa gundi, na kujaza nyufa zote kwa puti. Rafadha, yaani mapanga yazungukayo mbele ya injini, zina mapanga mawili kila moja. Magurudumu yalikunjwa ndani ya maganda ya injini, na rubani aliyakunja kwa nguvu za mkono wake. Kwa hiyo ukitaka kuuonyesha mfano wako kama uko angani, usichonge magurudumu. Uusimamishe juu ya waya mnene uliokitwa katika kibao.

Sasa twafika kwenye rangi, na hapa ndipo wengi huharibu kazi ya majuma kwa haraka ya saa moja. Paka kwanza rangi nyeupe nyepesi juu ya mfano wote. Rangi hiyo itafichua kila mkwaruzo ambao macho hayakuuona. Sugua kwa msasa laini, ujaze puti palipo na shimo, upake tena. Rudia mpaka kidole kikipita kisihisi kitu. Nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kuanza, ili vumbi lisiinuke na kunata katika rangi mbichi.

Ndege yote ilikuwa nyekundu, na herufi zake G-ACSS zilikuwa nyeupe, pamoja na namba ya mashindano, 34, mkiani. Fundi mgeni hupaka nyekundu kwanza, kisha huandika nyeupe juu yake. Hilo ni kosa, kwani mara nyingi nyekundu hupenya, na herufi hugeuka rangi ya waridi. Fanya kinyume chake. Kata herufi katika utepe wa gundi, uzibandike juu ya rangi nyeupe iliyokauka, ukandamize kingo zake kwa ukucha. Ndipo upake nyekundu, tabaka tatu au nne zilizo nyepesi, na kila moja iachwe siku nzima ikauke. Mwisho bandua utepe taratibu, na herufi nyeupe zitatokea safi.

Jambo moja zaidi lapasa kukumbukwa. Baada ya mbio hizo serikali ya Uingereza iliinunua ndege hiyo kwa majaribio ya jeshi lake la anga, ikapakwa rangi ya fedha na kupewa namba K5084. Mwaka 1937 iliruka tena chini ya jina jingine, ikiendeshwa na Arthur Clouston pamoja na Betty Kirby-Green, ikaenda Cape Town na kurudi Uingereza kwa muda usiotimia siku sita. Kwa hiyo amua mapema ni ndege ya mwaka gani unayoitengeneza, wala usichanganye alama za mwaka huu na rangi ya mwaka ule. Ndege yenyewe imehifadhiwa huko Old Warden, Uingereza, nayo imerudishiwa rangi yake nyekundu.

Tom Campbell Black hakuishi sana baada ya ushindi wake. Mwezi wa Septemba, 1936, aliuawa katika ajali kiwanjani Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa chini. Lakini kazi ya mikono na akili za watu waliojenga Grosvenor House yaweza kusomwa bado na yeyote mwenye kisu, kipande cha mbao na saburi. Mimi nilitumia miezi miwili kutengeneza mfano wa ndege iliyokwenda Australia kwa siku tatu, wala sijuti. Wazee walisema pole pole ndio mwendo, na kwa fundi wa mifano neno hilo ni kweli kabisa.