Umwambie nini daktari wa afya ya akili ili akuelewe?

Chukua mfano wa mama mkulima wa Itilima. Tangu wakati wa palizi halali vizuri. Anakwenda zahanati na kusema: "Kichwa kinauma, mwili hauna nguvu." Anapimwa malaria, haina. Anapewa panado, anarudi nyumbani. Mwezi unaofuata anarudi na maneno yale yale, anapewa dawa zile zile. Mwisho anakata tamaa na kusema madaktari hawamsikilizi.

Mhudumu naye ameambiwa kichwa, ametibu kichwa. Malaria huonekana kwa tone la damu, lakini sonona haina kipimo cha namna hiyo. Daktari anategemea sana maelezo yako. Kwa hiyo usiishie kusema unavyojisikia. Eleza pia ni kitu gani kimebadilika katika maisha yako, na tangu lini.

Ukisema "nina mawazo", daktari anaweza kudhani ni shida za kawaida za maisha. Lakini ukisema, "Tangu tuuze pamba nalala saa tatu tu kwa usiku, nimeacha kwenda shamba, na wiki hizi mbili sijaweza hata kuwapikia watoto," umempa pa kuanzia. Hali ya huzuni au kukosa hamu ya kila kitu ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ni jambo la kuchunguzwa.

Kabla ya kwenda, andika haya kwenye simu yako au kwenye daftari:

- Tatizo lilianza lini, na wakati huo kulikuwa na jambo gani: msiba, uzazi, deni, ugomvi, ugonjwa.
- Usingizi, chakula na kazi vimebadilikaje.
- Kama unasikia sauti au kuona vitu ambavyo wenzako hawasikii wala hawavioni.
- Dawa zote ulizotumia, pamoja na za mganga wa kienyeji na pombe. Usione haya, kwani dawa nyingine hazipatani.
- Kama kuna ndugu katika ukoo aliyewahi kuugua hivyo.

Nenda na mtu anayeishi nawe, maana yeye huona mambo ambayo wewe huyaoni. Mzee anayezungumza Kisukuma zaidi ya Kiswahili aende na wa kumtafsiria, lakini mgonjwa aachiwe azungumze mwenyewe. Kama kuna jambo la siri, omba kubaki na daktari peke yenu.

Uanzie wapi? Anza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, halafu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Bariadi. Tatizo likizidi, omba barua ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Madaktari bingwa wa akili ni wachache nchini, na sensa ya mwaka 2022 ilionyesha Simiyu peke yake ina watu zaidi ya milioni 2. Huenda ukahudumiwa na muuguzi au daktari wa kawaida. Mweleze yote vilevile, kwani ndiye atakayeandika rufaa.

Ukiona hujaeleweka, usiondoke kimya. Uliza kwa heshima: "Daktari, umeona tatizo langu ni nini? Nisipopata nafuu, nirudi lini?" Bado hujaridhika? Muone mganga mfawidhi au afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Ukipewa dawa ya sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Usiiache wiki ya kwanza kwa kudhani umepewa dawa isiyofaa. Ikikusumbua, rudi ukaseme.

Jambo moja halisubiri siku ya kliniki. Mtu akisema anataka kujiua, msimkemee na msimwache peke yake. Ondoeni karibu naye sumu za kunyunyizia pamba, kamba na visu, kisha mpelekeni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mkifika, semeni wazi: "Anataka kujiua." Msiseme kichwa kinamuuma.