Simu ya Muziki Iliyozimwa Kabla ya Kuzaliwa

Huenda unasoma makala haya kwenye simu ya kioo kitupu, isiyo na vibonye vya namba. Simu za namna hiyo zina ndugu mmoja ambaye hakuwahi kufika dukani. Alitengenezwa ndani ya kampuni ya Apple ya Marekani, akaweza hata kupiga simu, kisha wenyewe wakamweka kando. Kazi yake ya kwanza ilikuwa muziki.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 23 Oktoba 2001 Apple walitambulisha iPod, kifaa cha mfukoni cha kusikilizia muziki chenye nafasi ya nyimbo 1,000. Nafasi ilikuwa kubwa kwa wakati ule, lakini kilichowavuta watu zaidi ni gurudumu lake. Unazungusha kidole gumba, orodha ya nyimbo inateremka. Ukizungusha kwa kasi inakimbia, ukipunguza inatulia. Orodha inakwenda juu na chini tu, basi, na gurudumu linaitumikia vizuri sana. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2005 ziliuzwa iPod zaidi ya milioni 22.

Mafanikio hayo yalizaa hofu. Simu zenye kamera zilikuwa tayari zinakula soko la kamera ndogo. Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliona kwamba simu zikijua kucheza nyimbo vizuri, hakuna atakayekubali kubeba vifaa viwili. Kwanza walishirikiana na Motorola. Simu yao, ROKR E1, ilionyeshwa tarehe 7 Septemba 2005. Ilipokea nyimbo 100 tu, hata kadi yake ikiwa bado ina nafasi. Na siku hiyohiyo, kwenye jukwaa hilohilo, Apple wakaonyesha iPod nano iliyoweza kubeba nyimbo 1,000! Mnunuzi hakuhitaji kufikiri sana.

Wakati huo, ndani ya kampuni, kazi ilikuwa ikienda kwa siri katika njia mbili. Njia ya kwanza, iliyopewa jina la P1, iliongozwa na Tony Fadell, mmoja wa waliojenga iPod. Wazo lake lilikuwa rahisi: chukua iPod ambayo watu wanaipenda, itie simu ndani. Njia ya pili, P2, ilitaka kioo kikubwa kinachoguswa kwa vidole.

P1 ilikuwa na faida zote za kibinadamu. Ilitoka kwenye kitu kilichokwisha kulisha kampuni, na kusikiliza muziki juu yake kulikuwa raha. Tatizo lilianza ulipotaka kumpigia mtu. Ukichagua jina kwenye orodha, hakuna shida. Lakini namba mpya? Wanaokumbuka simu za mezani za kuzungusha, zile zilizokaa ofisi za parokia, wanajua ile taabu ya kutia kidole kwenye tundu na kusubiri kisahani kirudi. Hata hivyo kisahani kile kilikuwa na tundu la kila tarakimu, na kidole kilizoea mahali pake. Gurudumu la iPod ni laini pande zote. Ilibidi uzungushe huku ukitazama kioo, usimame kwenye tarakimu, ubonyeze, uzungushe tena, mara kumi. Kuandika ujumbe mfupi kulikuwa kubaya zaidi, kwa kuwa herufi ni nyingi kuliko tarakimu. Na nafasi iliyochukuliwa na gurudumu ilikifanya kioo kibaki kidogo.

Walihangaika nayo kwa takriban miezi sita. Mwishowe Jobs alichagua kioo. Nadhani uamuzi huo ulikuwa mgumu kuliko unavyoonekana leo, maana kioo cha kugusa kilikuwa bado hakijaiva na gurudumu lilikuwa mkononi, linafanya kazi. Fadell hakuondoka na gurudumu lake. Alibaki na kuongoza utengenezaji wa vifaa vya simu ile nyingine.

Tarehe 9 Januari 2007, kabla ya kuonyesha iPhone mjini San Francisco, Jobs aliweka ukutani picha ya iPod yenye kisahani cha simu ya zamani. Ukumbi ukacheka. Ni wachache mle waliojua kwamba utani ule ulikuwa na kazi ya kweli nyuma yake. iPhone ilianza kuuzwa tarehe 29 Juni mwaka huo, na programu yake ya muziki ilibaki ikiitwa iPod hadi mwaka 2011.